Sauti Nyembamba Zilizompotea Baba

Mwezi uliopita nilibadilisha simu. Si jambo la kusimulia, watu hubadilisha simu kila siku, ila mchana ule nilifungua programu ya muziki, nikaingia sehemu ya kupanga sauti, ile wanayoiita ikwalaiza, nikitaka tu kujua kama simu hii ina besi nzuri kama alivyoisifia muuzaji. Ikatokea mistari mitano iliyosimama wima, kila mmoja na kidoa chake katikati. Kabla sijafikiri, kidole changu kilikuwa kimeshavishusha vidoa viwili vya kushoto, vya sauti nzito, hadi chini, na kuvipandisha vitatu vya kulia, vya sauti nyembamba, hadi juu kabisa. Wimbo ukaanza kunichoma masikio. Matoazi yalisikika kama misumari inayomwagwa juu ya bati. Nikauzima. Nilikuwa sijapanga sauti namna ile tangu nilipokuwa na miaka tisa.

Tulikuwa tunakaa Pugu, kwenye nyumba ya baba ambayo haikuwa imeisha. Vyumba viwili vilikuwa na dari, cha tatu kilikuwa na mbao, ndoo za rangi na mfuko wa saruji uliokwisha kuganda. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Karakana yao ilikuwa Manzese, kwa hiyo aliondoka kabla hatujaamka, akirudi ana harufu ya chuma kilichoungua. Harufu hiyo ilikuwa kwenye mashati yake, kwenye nywele, hata kwenye mto wa kochi alilopenda kujinyoosha. Mie nilidhani baba wote wananukia hivyo.

Jumapili aliimba besi kwenye kwaya ya kanisa letu. Simu yake ilijaa mazoezi ya kwaya aliyoyarekodi mwenyewe, na kila akirudi kutoka kazini alikaa kwenye kochi, akaweka hedifoni, akafumba macho, mdomo ukawa unatembea bila kutoa sauti. Mama alikuwa anasema, "Baba yenu kaenda kanisani bila kuvaa viatu."

Simu ile nilikuwa naijua kuliko yeye. Mie ndiye niliyekuwa namwekea nyimbo, mie ndiye niliyekuwa nafuta picha zikijaa. Kwenye programu ya muziki kulikuwa na mipangilio ya sauti yenye majina ya Kiingereza, na nilikuwa nayasoma nijuavyo: Nomo, Roki, Klasiko, Besi, na mwisho kabisa Kastomu. Ile mingine simu ilikuwa inajipangia yenyewe. Kastomu ndiyo mtu anapanga kwa kidole chake. Sikujua hilo. Nilikuwa nimesikia wakubwa wakisema kastamu ni kule bandarini wanakozuia mizigo, kwa hiyo nikaamini kwamba hapo ndipo simu inapozuia sauti mbaya zisipite.

Siku moja ya mvua nilikuwa nacheza na mdogo wangu Tumaini, aliyekuwa na miaka minne. Nikachagua Besi, nikapandisha mistari ya kushoto hadi mwisho, nikabonyeza voliumu hadi simu ikaonya kwamba masikio yanaweza kuumia, nikakubali. Simu ikawa inatetemeka juu ya meza, Tumaini anacheka, anaiwekea kiganja asikie inavyomtekenya. Mama akaniita nikaanue nguo. Nikaiacha simu kama ilivyo.

Niliporudi na nguo mikononi, baba alikuwa ameshafika. Nilimwona anaweka hedifoni masikioni. Nilimwona anabonyeza. Akaruka kama mtu aliyeguswa na umeme, akazichomoa, akashika sikio la kulia kwa kiganja, akakaa hivyo muda mrefu akiitazama sakafu.

"Nani kachezea simu yangu?" aliuliza.

Tumaini alinitazama. Mie nikasema sijui.

Kuanzia siku hiyo nikaanza kuona mambo. Nilimwita baba kutoka uani, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakugeuka. Simu ililia mfukoni mwake, ile milio myembamba ya kengele, akaendelea kula mpaka mama aliponyoosha kidole. Nilimwambia namba ya ukurasa wa kitabu changu cha hesabu, akafungua mwingine. Mama alikuwa anasema kachoka, kazi ya Manzese inamla. Mie nilijua kilichomla. Nilikuwa nimempasua baba yangu sikio, na nilikuwa nimesema sijui.

Halafu ikaja ile mistari. Kila jioni nikiingia pale Kastomu nilikuta vidoa vya kushoto vimeshuka na vya kulia vimepanda. Nikadhani simu nayo imeumia siku ile ile, kwamba mistari imeteguka kama mkono unavyoteguka ukabaki umepinda. Nikawa nairudisha katikati, yote mitano, sawasawa kabisa, kila nilipopata nafasi. Kesho yake nilikuta imepanda tena, na safari hii juu zaidi. Sikujua kwamba ni baba. Naye, nilikuja kujua baadaye, hakujua kwamba ni mie. Miezi kadhaa tulivutana hivyo, yeye anapandisha, mie nashusha, tukiwa tunakula meza moja.

Tumaini alikuwa na pumu. Ikianza, kifua chake kilitoa kifilimbi, sauti ndogo, nyembamba, mwisho wa kila pumzi, kama upepo unaopita chini ya mlango. Nyumbani kwetu kila mtu alikuwa anamsikiliza. Mama alimgeuza, akaweka sikio katikati ya mabega yake, akanyamaza. Baba naye alifanya hivyo hivyo. Halafu mmoja wao alisema "kiko safi" au alisema "lete pampu." Pampu, ile ya dawa ya kuvuta, ilikaa juu ya kabati, pamoja na chupa ya maji ya plastiki ambayo daktari alimfundisha mama kuitoboa kitakoni ili dawa ipitie humo. Mie nilikatazwa kuigusa. Hiyo dawa hupeleka moyo mbio, mama alisema, si ya watoto kuchezea.

Nilikuwa na sifa mbaya pia. Jumapili moja, katikati ya ibada, nilimvuta mama kitenge nikamwambia Tumaini anapiga filimbi. Wakamtoa nje mbio, baba akaacha kwaya. Kumbe ni viatu vyake vipya, vile vya watoto vinavyolia vikikanyagwa. Alikuwa anavibonyeza kwa mkono chini ya benchi. Watu wa benchi letu walicheka hadi mwisho wa mahubiri. Baba hakucheka. Aliniambia, taratibu tu, "Neema, usiseme kitu usichokuwa na uhakika nacho."

Mwezi huo shangazi yake mama alifariki, na mama akaenda Njombe kwenye msiba. Asubuhi ya kuondoka alimsimamisha baba mlangoni kama mwanafunzi.

"Ukisikia kifilimbi, pampu mara mbili. Kisipotulia, hospitali. Msisubiri."

"Nimesikia, Mama Neema," baba alisema, akiutazama mdomo wake.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi baba alirudi mapema, saa saba mchana. Jirani yetu wa ng'ambo ya ua, Mama Zuhura, alikuwa anamwoza binti yake, na tangu asubuhi maspika marefu kama makabati yalikuwa yanapiga singeli. Mabati yetu yalitetemeka. Masufuria ya pilau yalikuwa juu ya mawe nyuma ya ukuta, na moshi wa kuni uliingia kwetu moja kwa moja. Tumaini alikuwa kwenye mkeka na gari lake la kopo la mafuta. Alikuwa amelishika, hakulisukuma. Alikuwa amevaa sweta la mama, kwa sababu alisema anasikia baridi, na kulikuwa hakuna baridi yoyote.

Nikakisikia. Kidogo, katikati ya wimbo mmoja na mwingine.

"Baba, Tumaini anapiga filimbi."

"Eh?"

"Kifua chake. Kinapiga filimbi."

Akaja, akapiga magoti, akamgeuza, akaweka sikio mgongoni juu ya sweta. Akafumba macho kama anavyofanya akisikiliza kwaya. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao na nilikisikia mie.

"Kiko safi," alisema. Akampapasa kichwa, akainuka.

Sikio lake lilikuwa pale pale mgongoni, langu lilikuwa mbali. Yeye alikuwa mtu mzima. Nikakaa karibu na Tumaini nikawa namtazama. Baada ya muda nikamwita baba tena. Akaja tena, akasikiliza tena, muda mrefu zaidi, kiganja chake kikiwa kimetanda kifuani kwa mtoto.

"Neema, ni hao jirani," alisema. "Maspika yanalia hivi, ukiweka sikio popote utasikia kitu. Hata ukutani."

Hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira ningeweza kumbishia moyoni. Alisema kwa upole, kwa uhakika, na mie nikaanza kufikiri kwamba huenda nimejiharibu masikio yangu pia, siku ile ile ya Besi, na sasa yanasikia vitu visivyokuwepo.

Nikamchukua Tumaini nikampeleka chumbani kwa mama, nikafunga dirisha, nikafunga na mlango. Nikamlaza ubavu, nikaweka sikio. Mle ndani singeli ilikuwa imebaki mdundo tu, dum dum kwenye ukuta, na juu ya mdundo huo kile kifilimbi kilikuwa kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka, haraka.

"Dada," Tumaini alisema, akapumua. "Nime," akapumua. "Choka."

Nikapanda kwenye kiti nikashusha pampu. Nilikuwa nimemwona mama mara nyingi. Nikaitikisa, nikaichomeka kwenye chupa, nikamwekea mdomoni, nikabonyeza, nikahesabu pumzi zake. Nikabonyeza tena. Chupa ilikuwa inagonga meno yake. Nikasubiri kwa jinsi nilivyojua kusubiri, kwa kuhesabu hadi mia mbili. Kifilimbi hakikutulia. Kilizidi kuwa chembamba, na hapo katikati kulikuwa na pumzi ambazo hazikuwa na sauti yoyote.

Kisipotulia, hospitali. Msisubiri.

Baba alikuwa uani kwenye kigoda, anamenya viazi kwa ajili ya chakula cha jioni. Nilisimama mlangoni nikiwa na pampu mkononi na sikuweza kwenda. Nikimwambia nimempa dawa, nimevunja katazo. Nikimwambia kifilimbi, atasema ni jirani. Nikimwambia kwamba yeye ndiye hasikii, itabidi nimwambie na nani aliyemfanya asisikie.

Simu yake ilikuwa juu ya kochi. Nikaichukua, nikarudi chumbani, nikafungua sehemu ya kurekodi kama anavyofanya kwenye mazoezi. Nikapandisha sweta la Tumaini, nikaigusisha simu mgongoni mwake, nikaiacha hapo nusu dakika. Ngozi katikati ya mbavu zake ilikuwa inazama kila akivuta pumzi, kama kuna mtu anaifyonza kwa ndani. Nilikuwa sijawahi kuona hivyo.

"Baba, sikiliza hii."

"Nini tena, mama?"

"Sikiliza tu."

Akafuta mikono kwenye suruali, akachukua hedifoni, kisu bado kakishika. Nikabonyeza. Nikamtazama usoni. Akasikiliza hadi mwisho.

"Ni mkwaruzo," alisema. "Umerekodi shuka?"

Na akainua mkono kuzitoa.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba usiku wa jana yake, baba akiwa amelala, nilikuwa nimeirudisha mistari katikati. Niliipanga yote mitano, sawasawa. Na hapo hapo nikaelewa kwamba aliyekuwa anaipandisha ni yeye, ili asikie. Nikamshika baba mkono, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikasema subiri. Nikaingia Kastomu mbele ya macho yake. Nikashusha vya kushoto. Nikapandisha vya kulia, cha kwanza, cha pili, cha tatu, hadi juu, juu kuliko nilivyowahi kuvikuta. Baba alikuwa ameacha kuitazama simu, ananitazama mie. Halafu nikaanza kupandisha voliumu. Simu ikaniuliza, kama ilivyoniuliza siku ile ya mvua, kama nina hakika, maana masikio yanaweza kuumia. Hedifoni zilikuwa masikioni mwake. Nililijua lile onyo. Nilijua linasema kweli. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu sauti ilivyomrusha kwenye kochi, na sasa nilikuwa namfanyia tena, makusudi, baba yangu akiwa amekaa kwenye kigoda ananiangalia.

Nikakubali. Nikabonyeza.

Hakuruka. Aliinamisha kichwa kidogo upande mmoja. Kisha uso wake ukabadilika, taratibu, kuanzia kwenye macho. Kisu kikaanguka miguuni mwake na hakukitazama.

"Huyu nani?" aliuliza.

"Tumaini."

"Lini?"

"Sasa hivi, Baba. Sasa hivi yuko chumbani."

Alipita pembeni yangu nikasikia upepo. Nilipofika chumbani alikuwa amelipandisha sweta na anautazama ule mgongo unaozama, na midomo ya Tumaini ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Hakuweka sikio. Alimbeba tu.

Bajaji pekee iliyokuwepo ilikuwa ya harusi, imefungwa riboni nyeupe na maputo. Dereva wake, kijana mmoja anaitwa Shaibu, alikuwa anakula pilau. Aliacha sahani chini. Tukiwa njiani alikuwa anauliza bila kugeuka, "Mzee, twende kituo cha hapa au tuelekee hospitali kubwa?" na baba hakujibu, kwa sababu alikuwa amekaa nyuma ya dereva na hakuuona mdomo wake. Mie ndiye niliyesema, "Cha hapa, kaka, kilicho karibu." Maputo yalikuwa yanagonga kioo. Sikumbuki kitu kingine cha njia ile isipokuwa shingo ya Tumaini, jinsi ilivyokuwa inafanya kazi.

Kwenye kituo cha afya muuguzi alikuwa amevaa barakoa. Alimpokea Tumaini, akamlaza, akaanza kuuliza maswali haraka haraka. Ameanza saa ngapi, amepewa dawa gani, ana mzio. Baba alikuwa anamtazama ile barakoa. Macho yake yalihama kutoka kwenye barakoa kuja kwangu, na kwa mara ya kwanza nilimwona baba yangu akiwa anaomba.

"Shikamoo," nilimwambia muuguzi, maana sikujua nianzie wapi. "Ameanza saa nane. Nimempa pampu mara mbili."

"Wewe ndiye umempa?"

"Ndiyo."

"Kwenye chupa?"

"Ndiyo."

"Umefanya vizuri," alisema, akawasha mashine ya mvuke, akamfunika Tumaini uso kwa kile kikombe cha plastiki.

Tulikaa kwenye benchi kwenye ukumbi mwembamba, tukisubiri. Mlango ulikuwa wazi nusu na niliweza kusikia mashine inavyounguruma. Baba aliegemea ukuta. Shati lake lilikuwa na maganda ya viazi.

"Ile mistari," alisema. "Ni wewe uliyekuwa unaishusha?"

Nikaanza kulia. Nikamwambia yote, siku ya mvua, Besi, uongo wangu, nilivyompasua sikio, nilivyokuwa naitengeneza simu. Nilisema yote hayo uso ukiwa magotini. Nilipomaliza, baba aliniinua kidevu.

"Niangalie ukisema," alisema. "Sijapata hata moja."

Ikabidi nirudie. Kulisema kosa mara moja ni kugumu. Mara ya pili, uso umeinuliwa, polepole, huku mwenyewe anakutazama mdomo, sijawahi kupewa adhabu nyingine iliyofanana na hiyo. Alisikiliza hadi mwisho. Akanivuta akaniegemeza ubavuni kwake, akasema si wewe. Alisema masikio yalianza kuondoka kabla Tumaini hajajua kutembea. Siku ile ya mvua kilichomrusha ni ule mlipuko wa besi, maana sauti nzito bado alikuwa anazisikia zote; nyembamba ndizo zilizompotea. Sikumwamini. Wakubwa husema hivyo wakikuonea huruma.

Simu ikalia. Mama. Kwa kawaida baba alikuwa ananipa mie, anasema mikono yake michafu. Safari hii aliiweka kwenye spika, akapandisha hadi mwisho, akaishika mbele ya uso wake.

"Hamjambo huko? Tumaini hajambo?"

"Tupo kituo cha afya," baba alisema. "Anavutishwa mvuke. Anaendelea vizuri sasa."

Mama akataka kujua ilikuwaje, alianza lini, nani alimsikia.

"Neema ndiye kamsikia," baba alisema. "Mama Neema, mie siku nyingi sisikii kifua cha mtoto."

Kule Njombe kulikuwa na watu wanaimba nyimbo za msiba nyuma ya mama.

"Kwa hiyo ulikuwa unaweka sikio la nini?"

"Nilikuwa nabahatisha."

"Unabahatisha."

"Namshika kifuani, namwangalia usoni. Naona kama kachangamka, nasema kiko safi."

"Mara ngapi, Baba Neema?"

Baba alifumba macho. "Zote za mwaka huu."

Mama hakupiga kelele. Alisema anakuja na basi la asubuhi, kisha akataka kuongea na mie. Nilikuwa namwangalia baba. Nilikuwa nimemwogopa kwa miezi kwa sababu ya kosa langu, na pale kwenye benchi, kwa mara ya kwanza, nilimwogopa kwa sababu yake mwenyewe. Jinsi alivyokuwa anasema "kiko safi" kwa sauti ile nzuri, ya mtu mwenye uhakika. Woga huo ulichukua muda mrefu kuniisha. Nadhani yeye pia aliuona, kwa sababu hakujaribu kunibembeleza.

Tumaini alirudi nyumbani Jumapili. Mama alifika, akaweka begi chini, akamgeuza mtoto akamsikiliza mgongo kabla hajavua viatu. Yeye na baba walikaa siku tatu wakisalimiana tu. Siku ya nne nilimkuta mama anamwandikia baba kwenye karatasi maneno anayokosea kuyasikia, na baba anabisha, na wote wawili wanacheka kwa kujizuia. Kwenye kwaya baba alimwendea mwalimu mwenyewe, akamwambia awe anamsimamisha mbele, mahali atakapoona mikono yake, maana sauti za soprano hazisikii tena.

Lakini mie nilikuwa bado sili vizuri, na bado sikuwa naigusa simu. Ndipo wiki ya likizo baba akasema twende wote kazini.

Karakana ilikuwa kichochoro kimoja kutoka barabarani, paa la bati bila kuta, mafundi watano au sita, mageti yameegemezwa kila upande. Walinisalimia, mmoja akanipa soda. Nilimwuliza baba anafanya kazi upande gani, akanionyesha. Halafu akamfanyia ishara mwenzake, na yule bwana akawasha grainda, ile mashine ya jiwe linalozunguka, akaishusha kwenye chuma.

Sijui niielezeeje sauti ile. Ilipanda nyembamba, ikaingia kwenye meno, ikaingia nyuma ya macho. Grainda ya pili ikajiunga, na ya tatu. Soda ikanidondoka. Niliziba masikio kwa viganja vyote viwili, nikakaza, nikainama, na bado ilikuwa inapita katikati ya vidole. Cheche zilikuwa zinaruka hadi kwenye viatu vyetu. Nilipoinua kichwa nilimwona baba amesimama pale pale, hatua moja kutoka kwenye jiwe lile linalozunguka, mikono mfukoni, uso umetulia. Hakuna aliyekuwa ameziba masikio isipokuwa mie. Walikuwa hawana hata kitambaa.

Akachuchumaa mbele yangu. Akasema neno. Sikusikia kitu, hata kidogo. Nilitikisa kichwa. Akasogea karibu, akasubiri hadi nikautazama mdomo wake kama yeye alivyokuwa anaitazama midomo yetu muda wote ule, kisha akarudia, polepole, silabi moja baada ya nyingine, na safari hii nililisoma.

Si wewe.